Mombasa hadi Kilwa na kurudi kwa tanga: watu wawili, miezi mitano, sheria moja

Bi Kuze (mwenye uzi)

Assalamu alaikum, na habari zenu nyote.

Wiki mbili zilizopita mtu aliuliza humu kama kuna Mswahili anayesafiri mbali kwa chombo chake mwenyewe cha tanga, au hiyo ni starehe ya Wazungu waliostaafu. Majibu mengi yalikuwa vicheko. Mimi sikucheka. Mimi na mume wangu tuliondoka Kilindini tarehe 13 Januari 2024, tukafika Kilwa, tukarudi Mombasa tarehe 15 Juni, Idi ya kuchinja ikiwa mlangoni. Hatukuajiri baharia wala hatukubeba mgeni. Niliahidi kueleza, basi naeleza, kwa vipande, maana nafasi yangu ni usiku watoto wakishalala kwa bibi yao.

Chombo ni cha faibaglasi, futi 34, mlingoti mmoja, matanga mawili, na injini ndogo ya dizeli. Tulikinunua Mtwapa kwa wazee wawili wa ng'ambo ambao safari yao iliishia hapo kwa maradhi. Kilikuwa kimekaa nchi kavu miaka minne, nyuki wamejenga kwenye kabati la mnyororo wa nanga. Miaka miwili mizima Jumamosi na Jumapili zetu ziliishia pale: kukwangua, kupaka rangi, kubadilisha nyaya za mlingoti, kushona matanga. Tukakipa jina Subira.

Mume wangu ni fundi wa injini za meli, mtoto wa mvuvi wa Likoni. Mimi ni mwalimu wa hesabu, nimezaliwa Mji wa Kale, na hadi nilipofika miaka 38 safari yangu ndefu ya baharini ilikuwa feri. Mama yangu hakutaka hata kulisikia neno tanga. Nyumbani kwetu bahari ina tarehe yake, 29 Aprili 1994, siku feri ya Mtongwe ilipopinduka na watu 272 wakafa. Mama alipoteza majirani wawili. Mpaka leo akivuka Likoni husimama katikati ya feri, mkono ameshika chuma, midomo inasoma.

Sasa hiyo sheria niliyoitaja kwenye kichwa cha uzi, kwa sababu bila hiyo sidhani tungefika hata Shimoni.

Mwaka mmoja kabla ya safari tulikuwa tunarudi Mtwapa jioni kutoka kwenye mazoezi. Mlango wa Mtwapa unapita kati ya miamba, na jua lilikuwa limeshazama. Nilimwambia mume wangu naogopa, tukae nje hadi asubuhi. Akasema anaijua njia. Kwa kweli aliijua, ila gizani alikosea kidogo tu, na usukani ukagusa mwamba. Sauti ile, wallahi, niliisikia kwenye meno. Tulitoka, lakini kwa siku tatu hatukuzungumza ila salamu.

Siku ya nne tulikaa barazani tukakubaliana hivi: chomboni, mwenye hofu zaidi ndiye anayeamua. Akisema "naogopa", tunasimama au tunageuka, saa hiyo hiyo, bila kuulizana. Sababu itatolewa baadaye, nanga ikiwa chini na chai imeshamiminwa. Na hakuna kumkumbusha mtu hofu yake kesho yake kama kumsuta.

Nitaendelea kesho inshallah.

Kijana wa Bamburi

Naweka mkeka hapa. Dada, swali moja la haraka: gharama? Na mbona Januari?

Bi Kuze

Gharama: chombo kilitugharimu chini ya gari zuri lililotumika, matengenezo yakala zaidi ya bei ya chombo. Njiani tulitumia kidogo kuliko tunavyotumia Mombasa. Upepo haulipiwi, na samaki hawakukosekana.

Swali la Januari ni kubwa zaidi na nalipenda.

Pwani yetu ina pepo mbili kuu. Kaskazi huvuma kuanzia Disemba hadi Machi hivi, huteremsha vyombo kuelekea kusini. Kusi huanza Aprili, hupata nguvu Juni na Julai, hupandisha vyombo kwenda kaskazini. Katikati ya hizo mbili kuna maleleji, siku upepo hauna mwenyewe. Babu zetu walipanga biashara, ndoa na madeni kwa hesabu hiyo. Ibn Battuta alipopita mwaka 1331 alilala Mombasa usiku mmoja kisha akateremka Kilwa, njia ile ile tuliyoishika sisi. Na asiyesikia huona: Vasco da Gama aliondoka Malindi mwisho wa Aprili 1498 na rubani aliyepewa na mji ule, Kusi ikamfikisha India kwa siku kama ishirini na tatu. Kurudi hakungoja Kaskazi itulie. Alitoka mapema Oktoba na akaliona bara la Afrika Januari, karibu miezi mitatu, wengi wa watu wake wamekufa kwa kiseyeye. Bahari ile ile, vyombo vile vile.

Kwa hiyo Januari kwenda, Juni kurudi.

Lakini kuna jambo ambalo nililiona kwenye ramani nisilipe uzito, nalo ni mkondo. Mbele ya pwani yetu maji hukimbia kwenda kaskazini mwaka mzima. Wakati wa Kusi, upepo na mkondo ni ndugu. Wakati wa Kaskazi wanagombana: upepo unakusukuma chini, maji yanakurudisha juu, na ugomvi huo hutoa mawimbi mafupi yaliyosimama wima. Toka Kilindini hadi Shimoni, maili 45 za baharini, tulitumia saa kumi. Chombo kilikuwa kinakata maji kwa kasi ya maili sita, ardhi ilikuwa inapita kwa nne na nusu.

Tuligonga mihuri yetu Shimoni, tukangoja siku tatu nyuma ya kisiwa cha Wasini. Mzee mmoja wa pale alikuja kwa mtumbwi, akakizunguka chombo mara mbili, akauliza, "Mwenyewe nani?" Mume wangu akanionyesha mimi. Mzee akacheka mpaka akashika ubavu, kisha akakaa nasi saa mbili akitueleza Mlango wa Pemba. Ushauri wake: msitoke na jua, tokeni na umande, ule upepo wa bara wa alfajiri, mfike katikati kabla Kaskazi haijaamka vizuri.

Tulimtii, na bado nilitapika kuanzia saa tatu asubuhi mpaka vilele vya minazi ya Pemba vilipotokea. Pale katikati maji yana kina cha mamia ya mita na rangi yake ni buluu iliyoiva hadi kukaribia weusi. Sikusema naogopa. Nilikuwa naumwa tu, na hayo ni mambo mawili tofauti. Kulijua tofauti hiyo ilikuwa somo langu la kwanza.

Mpemba wa Wete

Bi Kuze! Chombo cheupe chenye mstari wa kijani? Nilikuwa gatini siku hiyo. Tulisema hawa Wazungu wamekuja mapema mwaka huu, kisha akatoka mama na leso kichwani anavuta nanga. Watu walisimama.

Bi Kuze

Ndio sisi! Allah akulipe, kama wewe ni yule aliyetuletea muhogo na chaza, sahani yako bado ninayo.

Na umenikumbusha jambo. Katika bandari moja, siitaji, afisa alipokea karatasi zetu, akaangalia nyuma yetu, akauliza mwenye chombo atashuka lini. Tukamwambia ni sisi. Akauliza tena. Ilichukua nusu saa na vyeti vyote vya ununuzi mpaka akakubali kwamba watu wa Mombasa wanaweza kumiliki kitu kile bila kumtumikia mtu. Sikumkasirikia sana yeye. Nilihuzunika kwamba pwani iliyounda mitepe, vyombo vilivyoshonwa kwa kamba za mnazi bila msumari, leo ukionekana na tanga bila shehena unaulizwa bosi wako yuko wapi. Ndiyo maana mwaka 2019 ile dau la Flipflopi, lililotengenezwa Lamu kwa plastiki chakavu, liliposafiri hadi Unguja, niliwapeleka wanafunzi wangu kusoma habari zake kwenye kompyuta ya shule. Nilitaka waone mafundi wa Lamu kwenye picha.

Naendelea na safari.

Unguja tulikaa wiki tatu zaidi ya tulivyopanga, kwa sababu ya pampu ya maji ya kupozea injini. Kipande cha mpira kisichozidi kiganja kilikatika, na kipya kilibidi kitoke Dar kwa boti. Mume wangu alikitafuta Mji Mkongwe mzima. Mimi sikuhuzunika. Asubuhi nilinunua mkate wa mofa, jioni tulikaa juu ya chombo tukiangalia vijana wa Forodhani wakiruka majini.

Toka Unguja hadi Msasani, Dar, ni siku moja. Kutoka Dar hadi Mafia ndio usiku wetu wa kwanza mzima baharini, na hapo nataka nitulie kidogo.

Watu wakisikia mume na mke chomboni hudhani ni fungate. Wapendwa, mkiwa wawili na usiku ni mrefu, hamlali pamoja. Mmoja yuko zamu, mmoja amelala. Sisi tulishika saa tatu tatu. Unaamshwa kwa kuguswa mguu, unavaa koti, unajifunga mkanda wa usalama kwenye chombo, unaambiwa mambo manne au matano: upepo uko wapi, meli ipi inakuja, taa gani imeonekana, tanga liko vipi. Kisha mwenzako anaingia kwenye joto ulilotoka wewe. Siku zingine tulionana kwa dakika kumi tu kila baada ya saa tatu. Na nakwambieni, katika miaka kumi na minne ya ndoa sijawahi kumsikiliza mume wangu kwa makini kama katika dakika zile kumi. Mtu anakukabidhi uhai wake kisha anakwenda kulala. Kama ataweza kulala kweli, hilo ndilo jibu la anavyokuamini.

Usiku ule ulikuwa tarehe 9 Machi, mwezi ulikuwa umekaribia kuandama, giza tupu. Kilimia, lile kundi la nyota, kilikuwa magharibi kinashuka. Kwenye zamu yangu niliona mji mbele yetu, taa nyeupe nyingi, mahali ambapo ramani inasema maji matupu. Moyo ulinipasuka. Walikuwa wavuvi wa dagaa, wametandaza taa zao juu ya maji, kila ngalawa na taa yake. Nikamwamsha mume wangu kabla ya zamu yake. Hakulalamika. Tulipita mbali nao, tukisikia wanaimba.

Shangazi Tudor

Mashallah mwanangu. Na swala je, chombo kikiyumba hivyo? Kibla unakijuaje?

Bi Kuze

Shikamoo shangazi. Pwani yetu ina neema kwa hilo. Makka iko karibu kabisa kaskazini mwetu, ndiyo maana mabaharia wa zamani waliuita upande wa kaskazini kibla. Unaangalia dira, basi. Chombo kikiyumba sana tuliswali tumekaa. Tulipokuwa tunateremka kusini, kibla kilikuwa tezi, nyuma yetu. Wakati wa kurudi kikawa omo. Hata sijui nilieleze vipi, ila kusali ukiwa umeelekea Makka na nyumbani kwa wakati mmoja kulinitoa machozi.

Sasa Mafia. Tuliingia Kilindoni asubuhi, na tarehe 12 tulizunguka kisiwa upande wa kusini tuingie ghuba ya Chole kupitia mlango wa Kinasi. Ndiyo ilikuwa siku ya kwanza ya Ramadhani. Hesabu za maji nilizifanya mimi mwenyewe, na nazipenda hesabu zangu. Ilikuwa bamvua, maji yanaingia na kutoka kwa nguvu kama mto, lakini kwa hesabu yangu tulikuwa tumefika wakati maji yamesimama. Upepo mzuri, jua liko juu, mwamba unaonekana kulia na kushoto. Mimi nilikuwa tayari.

Mume wangu akasema, "Naogopa."

Hajawahi kuniambia neno hilo tangu tuoane. Niligeuza usukani. Sitadanganya, niligeuza nikiwa nimekasirika, maana tulikuwa tumebakisha muda mfupi tu, na kurudi Kilindoni ilikuwa injini mpaka magharibi. Hakuna aliyesema kitu njia nzima. Tulitia nanga adhana inalia, tukafungua saumu kwa tende na chai ya tangawizi, ndipo akasema. Aliona maji mlangoni yanachemka, vijiwimbi vimesimama mahali pamoja, wakati jedwali langu linasema yametulia. Tena hakuwa amelala vizuri tangu usiku wa Dar, na hakuziamini mikono yake. Kumbe mimi niliyatazama yale yale maji nikaona jedwali.

Kesho yake tulikwenda Utende kwa bodaboda, tukavuka Chole kwa mashua ya abiria na wanafunzi. Kule kuna popo wakubwa wamening'inia mchana kweupe juu ya miti, na magofu yaliyoshikwa na mizizi. Na karibu na Kilindoni tulimwona papa potwe, yule mkubwa mwenye madoa asiye na neno na mtu, anapita chini ya chombo chetu kama kivuli cha wingu. Msimu wao unakaribia kuisha Machi, kwa hiyo tulibahatika.

Dau la Mnyonge

Bi Kuze, nimesoma kwa heshima zote, nami nimefanya kazi kwenye majahazi miaka tisa kabla sijahamia bandarini. Ila hiyo sheria yenu siiungi mkono. Manahodha wengi, chombo huenda mrama. Chombo kina nahodha mmoja. Hofu si elimu. Mtu mwenye hofu anaweza kukugeuza mahali ambapo kugeuka ndiko kifo, wimbi likakupiga ubavuni. Na baharia akijua kwamba neno moja linasimamisha safari, atalitumia kila siku.

Bi Kuze

Kaka, pingamizi lako ni la mtu aliyebeba chombo mgongoni, na nalichukua hivyo. Nijibu kwa mawili yaliyotupata baadaye, kisha uhukumu.

La kwanza ni Kilwa. Tulifika mwisho wa Machi, tukapita Songo Songo njiani. Idi ya Ramadhani tuliisali pale, na sitasahau kutembea Kisiwani baada ya swala, ndani ya msikiti mkuu wa magofu, kuba zake bado zimesimama. Mpango wa mume wangu ulikuwa tuendelee hadi Ngazidja, maili 280 hivi za bahari wazi. Komoro ilikuwa ndoto yake, bibi yake mzaa mama alitoka huko. Mimi nilisema naogopa. Chai ilipomiminwa nilimwambia sababu: Aprili 2019 kimbunga Kenneth kilipita Ngazidja kisha kikaipiga Msumbiji, na Aprili ndiyo hii. Alinyamaza muda mrefu. Kisha akakunja ramani ya Komoro akaiweka chini ya godoro, na hakuitaja tena. Niliumia kwa ajili yake, na bado naumia.

Mwezi haukuisha. Mwanzoni mwa Mei Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania ikatangaza kimbunga Hidaya, kiko mashariki kinaelekea pwani. Watu wengi huamini kwetu vimbunga havifiki. Aprili 1872 kimoja kilifika, kikang'oa mikarafuu ya Unguja. Mume wangu alitaka tutweke tanga saa ile ile, tukimbie Dar na Kusi nyuma yetu. Mimi niliogopa kukutwa nje. Tukabaki. Sitasema niliona mbali. Huenda tungekimbia tukafika Dar salama salimini, na hilo nimelifikiria mara nyingi.

Mvuvi mzee wa Kilwa Masoko alituambia chombo kisikae mbele ya bandari, kipelekwe ndani ya mikoko. Yalikuwa maji mafu, hayajai sana, na chombo chetu kinakula maji mita moja na sentimita sabini. Tarehe 2 Mei, saa tano asubuhi maji yalipofika juu kadiri yawezavyo, tuliingia mkononi mwa mto tukipima kina kwa mti. Mara mbili mkuku uligusa tope, mara mbili ukateleza. Tulivua matanga yote, tukashusha nanga mbili, tukafunga kamba nane kwenye mashina ya mikoko pande zote, kama mtoto anavyofungwa mbeleko. Vijana watatu walitusaidia hawakutaka hata shilingi.

Usiku wa kuamkia tarehe 4 ndio ulikuwa wenyewe. Upepo ulianza kusi tupu, ukazunguka kusini-mashariki. Mvua ilikuwa inakwenda kwa ubavu. Kamba zilikuwa zinatoa sauti ya zumari. Tulishika zamu za saa moja moja, mmoja juu na tochi anakagua kamba zisikatwe na makali ya chuma, mmoja chini anasukuma maji ya ngama. Kimbunga kilitua Mafia siku hiyo kikiwa kimepungua nguvu, na sisi tulipata ukingo wake tu. Ukingo tu, na mkoko wenye unene wa paja langu ulikatika. Barabara ya Dar ilikatika Somanga kwa mafuriko, soko la Masoko likakosa vitunguu na dizeli siku nyingi. Wiki mbili baadaye kingine, Ialy, kikapita juu zaidi, hadi pwani yetu ya Kenya ikaonja upepo wake. Tukangoja mpaka Juni.

Kijana wa Bamburi

Nimesoma nimeshika kiti. Na maharamia?

Bi Kuze

Tuliufikiria sana. Oktoba 2009 wanandoa Waingereza walitekwa na chombo chao wakitoka Ushelisheli kuja Tanzania, wakaachiwa Novemba mwaka uliofuata. Lakini hiyo ni bahari ya mbali, na tangu Januari 2023 makampuni ya meli yameacha kuiita Bahari ya Hindi eneo la hatari kubwa. Sisi tulikuwa karibu na pwani, redio iko chaneli 16 usiku na mchana, na kila bandari tuliwaachia watu wetu njia na siku ya kutarajiwa. Hofu yangu kubwa ilikuwa nyavu zisizo na taa.

Kaka Dau la Mnyonge, la pili ndilo lako hasa.

Kurudi, Kusi ilitupa kila kitu tulichonyimwa kwenda. Kilwa hadi Dar, maili 140, saa ishirini. Upepo nyuma, mkondo nyuma, chombo kinaruka. Toka Unguja tulitoka asubuhi ya tarehe 14 Juni, tukitarajia Mombasa alfajiri. Tulikwenda kasi kuliko hesabu. Saa tano na nusu usiku tulikuwa tayari tunaona mwanga wa Diani, bahari imekuwa kubwa, mawimbi yanatupita mabegani, na mimi nilikuwa nimechoka hadi mifupa. Nikasema, "Naogopa, tuingie Kilindini sasa hivi." Nilitaka iishe.

Naye akasema, "Mimi naogopa kuingia."

Sheria yetu haikuwa na jibu. Tulitazamana. Nikakumbuka ile sauti ya usukani Mtwapa, na nadhani naye aliikumbuka. Hofu mbili zikigongana, ishinde ile inayotuweka kwenye maji ya kina. Hatukuijadili, tulijua tu wote wawili. Tukapunguza tanga kuu hadi kipande, tanga la mbele tukalivuta upande wa upepo, usukani tukaufunga. Chombo kikageuza bega kwenye mawimbi, kikatulia. Huwezi kuamini ukimya unaokuja. Tulikuwa mbali na pwani vya kutosha, na mkondo wenyewe ulitusogeza pole pole kwenda juu. Yeye alilala kwanza. Nami baada ya saa tatu nililala, nikalala kweli. Kulipokucha minara ya Likoni ilikuwa mbele yetu, na tukaingia mlangoni saa mbili asubuhi feri zinavuka.

Kwa hiyo umesema kweli kwamba hofu si elimu. Sheria yetu haimpi mwenye hofu usukani. Humpa ruhusa ya kusimamisha, si ya kwenda mbele. Jambo la papo hapo, kamba imekatika au ngalawa iko mbele, anaamuru mwenye zamu na mwingine anatii. Na kuhusu kulitumia kila siku: kwa miezi mitano neno lile lilisemwa mara sita. Nimeyahesabu kwenye daftari la chombo.

Dau la Mnyonge

Hapo umenipata pazuri, dada. Kulaza chombo usiku ule nje ya Mombasa na Kusi ya Juni, ningefanya hivyo hivyo. Bado nasema kwenye jahazi la watu kumi haitafaa. Kwa wawili, sawa, nimeelewa.

Bi Kuze

Kwa watu kumi sijui, sijawahi kuwa nao. Ahsante kaka, umenifanya nifikiri.

Shangazi Tudor

Na mama yako je? Alikupokea vipi? Subira iko wapi sasa?

Bi Kuze

Shangazi, Subira iko Mtwapa, imetia nanga. Mume wangu ameitoa ramani ya Komoro chini ya godoro, ameibandika ukutani jikoni. Mimi bado sijasema kitu.

Mama alikataa kuja bandarini siku tuliporudi. Miezi miwili baadaye, Jumapili moja, akasema anataka kuiona hiyo nyumba ya majini iliyomchukulia mwanawe. Tulimpeleka kwa mashua ndogo, maji yamejaa, hakuna wimbi. Mume wangu alimshika mkono kupanda. Alikaa nyuma karibu na usukani, akafunua kila kabati, akauliza tunapika wapi, tunalala wapi, akagusa kamba moja moja. Alikunywa chai vikombe viwili. Kisha kijana wangu wa mwisho akaomba tung'oe nanga twende mpaka darajani tu tukarudi, ni karibu, bibi aone.

Mama akaweka kikombe chini, akasema, "Mimi naogopa."

Hatukung'oa nanga. Tulikaa pale pale mpaka alasiri, akatusimulia habari za Mtongwe, majina ya wale majirani wake wawili na walivyokuwa, jambo ambalo hajawahi kulifanya mbele yangu.